Diski ya nje inasoma nyuzi joto 53 hapa Tanga. Niendelee nayo au niizime?

#1 StudioYaNgamiani

Wakuu, salaam.

Niko Ngamiani, kazi yangu ni picha na video za harusi. Kazi zote za wateja ziko kwenye diski ya nje ya TB 4, ile ndogo yenye kasha jeusi la plastiki lisilo na tundu hata moja. Tangu kaskazi ianze naona kitu kinaninyima raha. Nikianza kukopi harusi nzima, CrystalDiskInfo, ile programu ya kuangalia afya ya diski, inasoma 38. Baada ya muda inafika 45, na kabla kazi haijaisha iko 53. Kasha ukilishika unalivumilia, ila si kwa raha. Upande wa afya bado rangi ni buluu, yaani nzima.

Chumba hakina AC. Ni feni ya dari na bati juu.

Jirani yangu ananiambia diski ikipita 45 imeanza safari ya kufa. Mwingine kaniambia mtengenezaji mwenyewe karuhusu mpaka 60, nisijipe presha. Nimsikilize nani? Humo ndani kuna wazee wa watu wamekwisha tangulia mbele ya haki, na picha ya mwisho waliyopigwa ni ya kwenye harusi ya mjukuu. Hiyo siwezi kuipiga tena. Wajuzi naomba msaada.

#2 NasubiriWajuzi

Natia kambi hapa. Ya kwangu hata sijawahi kuangalia inasoma ngapi.

#3 FundiWaChumbageni

Mkuu, hao wote wawili wana ukweli wao. Ukisoma karatasi za watengenezaji kama Seagate au WD (Western Digital), diski nyingi za kawaida zimeandikwa zifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 60. Kwa hiyo 53 haijavunja sheria. Lakini 60 ni mpaka wa mwisho, hakuna anayekuambia ukae hapo mchana kutwa.

Mimi kwenye meza yangu nakwenda hivi: mpaka 45 sina neno. Ikifika 46 mpaka 50 natafuta upepo. Ikipita 50 nasimamisha kazi ipumue. Ndani ya hilo kasha sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, hakiruhusiwi kugusa. Joto linatanua chuma, linafanya mafuta ya beringi yawe mepesi, linazeesha vipuri vya bodi. Na plastiki hailitoi joto, inalifungia humo humo. Vua hilo kasha uone itakavyoshuka.

#4 mtoto_wa_pangani

Nyie diski zenu za Tanga mjini ni waja leo waondoka leo. Leteni Pangani zipate upepo wa bahari.

#5 Raskazone_AC

@mtoto_wa_pangani upepo wa bahari ndio unaokula mabati yenu kila mwaka, unataka ule na diski?

Mimi nimeweka AC nyuzi 22, diski inasoma 34 muda wote. Mjadala umekwisha.

#6 DadaMakorora

Habari zenu. Nilishasoma kwamba Google walifanya utafiti wakakuta joto haliui diski, na zile za baridi ndizo zilizokufa zaidi. Kwa hiyo kaka wa studio fanya kazi yako kwa amani.

#7 kusi_na_kaskazi

@DadaMakorora dada, utafiti upo kweli, ila umekufikia nusu. Ni wa mwaka 2007, waliuandika Pinheiro, Weber na Barroso wa Google, na waliangalia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Walichokuta ni kwamba kwenye joto la kawaida hakuna uhusiano mkubwa kati ya joto na kufa, na ni kweli zilizokuwa baridi sana zilikufa zaidi. Lakini kuna mambo mawili watu huwa hawayasemi. La kwanza, zile zilizokuwa kwenye joto la juu kabisa zilianza kufa zaidi, hasa zilizofikisha miaka mitatu na kuendelea. La pili, hizo ni diski za kituo cha data chenye kupozwa. Zilizopita 45 zilikuwa chache. Sasa mtu wa Ngamiani mwenye 53 mwezi wa pili anajipimaje kwa hao?

Backblaze, kampuni ya kuhifadhi data za watu mtandaoni, nao walitoa takwimu zao mwaka 2014, wakasema hawaoni uhusiano, isipokuwa kidogo kwa modeli moja. Nao diski zao zilikuwa zinakaa pazuri, chini kabisa ya hizi namba tunazozungumza. Halafu mwaka 2011 kuna timu ya Microsoft iliangalia seva zao ikasema uhusiano upo tena mkubwa. Wote ni watu wazima na vipimo vyao, na hawakubaliani.

#8 FundiWaChumbageni

@kusi_na_kaskazi hapo umesema. Google hawajawahi kuweka diski chini ya bati la Ngamiani saa nane mchana.

#9 kusi_na_kaskazi

@FundiWaChumbageni mkuu nikurekebishe kwa moja. Usimwambie avue kasha kienyeji. Diski nyingi ndogo za nje, za WD hasa, tundu la USB limejengwa kwenye bodi ya diski yenyewe. Hakuna SATA humo, yaani lile tundu la kuunga diski ndani ya kompyuta. Akivua hapati faida ya kuichomeka kwingine, na akiteleza na bisibisi amevunja tundu.

#10 FundiWaChumbageni

Sawa, nakubali kwa hizo za USB ya moja kwa moja. Basi asivue, aisimamishe ubavu ili pande zote mbili zipate hewa, na aitoe juu ya laptopu. Nawaona wengi wanailaza juu ya laptopu, pale pale laptopu inapotoa joto lake.

#11 StudioYaNgamiani

Yangu ilikuwa pembeni ya laptopu, upande wa tundu la kutolea joto. Naihamisha sasa hivi.

#12 kijana_wa_duga

Ikipata moto sana ifunge kwenye nailoni, iweke friza dakika kumi. Nimeona video.

#13 FundiWaChumbageni

@kijana_wa_duga USIFANYE. Na yeyote anayesoma hapa asifanye. Diski ya kawaida haijafungwa hewa kabisa, ina katundu kadogo ka kupumulia kenye chujio, na pembeni yake pameandikwa usizibe. Hewa inaingia na kutoka. Ukiitoa kwenye friza ukaileta kwenye hewa ya Tanga, umande unatua juu ya bodi mpaka kwenye sahani. Ukiwasha tu kichwa kinakutana na tone. Nimeshaletewa diski za hivyo, sahani ina duara lililochubuka mpaka unaona kioo chini yake, na ungaunga wa kijivu umetapakaa ndani. Hapo hakuna fundi wa Tanga wala wa Dar atakayekurudishia kitu. Ile habari ya friza ilivuma enzi za diski za zamani zilizonasa, na hata wakati huo ilikuwa bahati nasibu.

#14 mtoto_wa_pangani

Kijana wa Duga friza ni ya ubuyu na barafu za watoto, iache.

#15 mlima_usambara

Salaam kutoka Lushoto. Huku mwezi wa saba asubuhi diski yangu inawaka ikisoma nyuzi 15. Kwa hesabu ya fundi wa Chumbageni mimi ndiye salama kuliko wote, na bado nimezika diski mbili. Zote zilianza kugonga asubuhi ya baridi, kabla chumba hakijapata joto. Ndiyo maana ile habari ya Google ya diski za baridi mimi naielewa.

Na kuna jambo jingine limenikuta. Nilishuka na laptopu kutoka Lushoto mpaka Tanga mjini kwenye basi la alfajiri. Nilipofungua begi pale Kange, kava la chuma lilikuwa limelowa, kama mtu kalinyunyizia. Niliifuta, nikaiacha wazi mpaka mchana ndipo nikaiwasha.

#16 kusi_na_kaskazi

@mlima_usambara huo ni umande, na ulifanya vizuri kutoiwasha. Hesabu yake ni hii. Hewa ya Tanga ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, kitu chochote chenye nyuzi 27 au chini yake kitalowa kikikutana na hiyo hewa. Hiyo hesabu inamhusu na @Raskazone_AC. Diski uliyoizima ndani ya chumba cha nyuzi 22, ukaifunga kwenye begi ukatoka nayo nje kwenda kwa mteja, ukaichomoa mara moja, inalowa. Karatasi za watengenezaji zinaruhusu unyevu mwingi tu, ila daima wanaandika pasiwe na umande. Pia wanaweka mpaka wa kasi ya joto kubadilika, kwa nyingi ni nyuzi 20 kwa saa.

Dawa ni rahisi. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ilingane na joto la mahali, ndipo uitoe.

#17 Raskazone_AC

Aisee. Mimi huwa natoka nayo mkononi mpaka kwenye gari.

#18 mtoto_wa_pangani

Mjadala ulikuwa umekwisha, au?

#19 bwana_mkonge

Vijana hamjambo. Nimesoma yote tangu mwanzo. Mimi niko ofisi ya shamba la mkonge upande wa Muheza, kompyuta nimeanza nazo tangu zile za kufungua kwa disketi. Mnazungumza joto, mnazungumza baridi, hakuna aliyegusa umeme.

Diski zilizokufa mikononi mwetu karibu zote zilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi, ukakatika na kurudi. Joto lilikuwepo mwaka mzima na zilikuwa zinafanya kazi. Tulipoweka UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, kwenye mashine ya mhasibu, ile ikadumu kuliko zote, na imekaa chumba cha joto kuliko vyote, karibu na dirisha la magharibi. Sikatai vipimo vya Google. Nasema tu kwamba huko Google umeme haukatiki jioni ya mvua.

#20 kijana_wa_duga

Shikamoo mzee wangu. Kwani umeme ukikatika diski inaharibika vipi, si inazima tu?

#21 bwana_mkonge

Marahaba mwanangu. Inazima ikiwa katikati ya kuandika. Kichwa kinarudishwa kwa haraka mahali pake pa kupumzikia, kwa nguvu kidogo iliyobaki kwenye mzunguko. Ukizima kistaarabu kinarudi taratibu. Kwenye zile orodha zenu za SMART, vipimo vya afya ambavyo diski inajirekodia yenyewe, kuna namba 192, inahesabu marudio ya ghafla ya namna hiyo. Kila mmoja aangalie ya kwake.

#22 NasubiriWajuzi

Nimeangalia. Ya kwangu ni mia nne na kitu. Niko Mabawa. Sina la kuongeza.

#23 DadaMakorora

@bwana_mkonge shikamoo. Umeme umenigusa lakini naomba nirudi kwenye joto kidogo. Dukani tuna kamera na DVR, kile kinasa kinachorekodi picha za kamera. Aliyetufungia aliiweka ndani ya droo ya mbao yenye kufuli ili wezi wasiibebe. Nimefungua menyu ya diski baada ya kusoma uzi huu, inasoma 58. Na wiki iliyopita tulipotaka kuangalia tukio la dukani tukakuta siku nzima haikurekodiwa. Inahusiana?

#24 FundiWaChumbageni

@DadaMakorora dada, 58 ndani ya droo ya mbao iliyofungwa, saa 24 kwa siku, hiyo kwangu ni hatari tupu. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zinavumilia zaidi, WD Purple kwa mfano imeandikwa mpaka 65, lakini mafundi wengi wanafunga diski yoyote waliyonayo, hata iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Fungua DVR usome jina. Halafu mwite seremala akutobolee droo, chini mbele na juu nyuma. Matundu ya chini yanaingiza hewa baridi, ya juu yanatoa moto. Ukitoboa mahali pamoja tu hewa haizunguki. Na kufuli libaki.

Siku kutorekodiwa inaweza kuwa diski, inaweza kuwa adapta ya umeme imechoka. Adapta dhaifu inafanya diski iwake na kuzima, unasikia kama inajikuna. Sikiliza usiku duka likiwa kimya.

#25 bwana_mkonge

Adapta. Umeme tena.

#26 kusi_na_kaskazi

Wakuu nataka kuleta kitu ambacho kwa watu wa pwani naona kina uzito kuliko joto lenyewe, yaani unyevu.

Mwaka 2016 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Rutgers walitoa kazi kuhusu diski na kupoza vituo vya data kwa hewa ya nje, wakiangalia vituo tisa na diski zaidi ya milioni moja. Walikuta kinachoua zaidi ni unyevu kuliko joto. Na haukuwa unaua sahani. Ulikuwa unaua sehemu za kielektroniki, bodi na maunganisho yake. Sasa sisi hapa tuna chumvi juu ya unyevu.

Halafu wakakuta jambo la kushangaza. Diski zilizowekwa nyuma ya seva, ambako hewa imeshapashwa moto na vifaa vya mbele, kwenye mazingira ya unyevu zina nafuu. Ukifikiria inaeleweka. Chukua hewa ya Tanga usiku, nyuzi 27, unyevu asilimia 85. Hewa hiyo hiyo ikipashwa mpaka nyuzi 42 ndani ya kasha la diski inayofanya kazi, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 37. Maji ni yale yale, ila hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mengi zaidi, hivyo hayang'ang'anii kwenye chuma. Kwa maana hiyo, diski inayofanya kazi na joto la kiasi inakaa pakavu kuliko diski iliyozimwa ikawekwa kabatini mwezi wa nne masika yakinyesha.

Sisemi 53 ni nzuri. Nasema 42 kwa hapa Tanga huenda ni bora kuliko 30.

#27 FundiWaChumbageni

@kusi_na_kaskazi sikuwa naijua hiyo ya Microsoft lakini mezani naiona kila wiki. Mtu analeta diski "imekufa", haisomeki, inazunguka tu. Nafungua skrubu za nyota, nageuza bodi. Upande wa ndani kuna vijisahani vidogo vya shaba ambapo pini za kichwa zinakanyaga. Kwa diski za hapa vinakuwa vyeusi, wakati mwingine kijani kwenye kingo. Nachukua kifutio cha penseli, kile cheupe kisicho na mchanga, nasugua taratibu mpaka ving'ae, nafuta kwa spiriti, nafunga. Nyingi zinaamka pale pale. Chumba cha sahani sikigusi kabisa.

Na nikikumbuka, zinazokuja na weusi huo mara nyingi zilikuwa za kukaa kabatini. Zile za kompyuta zinazowashwa kila siku huwa nafuu. Kwa hiyo hesabu yako ya unyevu naikubali, ila zinazokuja zikigonga kichwa, hizo naziona zaidi kutoka sehemu za moto. Ni magonjwa mawili tofauti.

#28 mlima_usambara

Na zangu za Lushoto ambazo hazina moto wala chumvi?

#29 FundiWaChumbageni

@mlima_usambara Lushoto mna ukungu mpaka saa nne asubuhi, hamna chumvi tu. Nazo zilikuwa na miaka mingapi?

#30 mlima_usambara

Nilizinunua mtumba.

#31 FundiWaChumbageni

Basi tuanze na hapo.

#32 mtoto_wa_pangani

Mzee wa Google wa Lushoto kajibiwa.

#33 mlima_usambara

Mtumba wa huku unadumu @mtoto_wa_pangani, waulize wanaopanda kununua makoti. Na bado nasema baridi ya asubuhi ina mchango wake. Mafuta ya beringi yakiwa mazito injini inahangaika kuanza.

#34 StudioYaNgamiani

Asanteni wote. Nimefanya haya: nimeitoa pembeni ya laptopu, nimeisimamisha ubavu kwenye kile kichanja cha kukaushia vyombo, na nimetoa feni ya kompyuta ya mezani iliyokufa nikaiunga kwenye USB. Feni ni ya volti 12, kwa volti 5 inazunguka polepole bila kelele. Kukopi harusi ile ile, sasa inaishia 44.

Lakini nimefuata ushauri wa mzee wa mkonge nikafungua orodha ya SMART yote. Namba 5 ni sifuri. Namba 192 kubwa tu. Namba 197 inasoma 8. Jana sikuwa najua hata kama ipo. Hiyo 8 ni nini?

#35 FundiWaChumbageni

Mkuu, acha habari ya joto kwanza. 197 ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua la kufanya. Sifuri ndiyo salama. Toa kazi za wateja leo, usingoje kesho.

#36 kusi_na_kaskazi

Naunga mkono kutoa leo. Katika ule ule utafiti wa Google wa 2007, diski iliyoonyesha kosa la kwanza la kusoma ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Na upande wa pili, zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kwenye SMART ukiacha joto. Kwa hiyo rangi ya buluu isimpe mtu usingizi.

Ila 8 si lazima iwe kifo. Diski za siku hizi zinaandika kwa vipande vya baiti 4,096, na kila kipande kinahesabiwa kama sekta nane za zamani. Hiyo 8 yako ni kipande kimoja tu. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika kipande hicho, kinabaki nusu nusu, hakisomeki, na 197 inapanda 8. Ukikiandika upya kinapona na namba inarudi sifuri. Kikikataa kuandikwa, kinahamishwa na namba 5 inapanda. Baada ya kutoa data zote ndipo uijaribu hiyo. Kabla ya hapo usiendeshe programu yoyote ya "kutengeneza".

#37 bwana_mkonge

Nilisema umeme, mkaniona mzee.

#38 FundiWaChumbageni

@bwana_mkonge mzee wangu tunakuheshimu, lakini kipande kinaweza kuharibika pia kwa kichwa kuyumba kwenye joto la 53. Kwenye 197 haiandikwi sababu.

#39 Raskazone_AC

Au ilidondoka. Studio ya harusi, waya unapita katikati ya watu. @StudioYaNgamiani haijawahi kuanguka?

#40 StudioYaNgamiani

Mimi sijaiangusha. Wasaidizi wangu nimewauliza, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Swali la haraka: nikitoa TB 3 za kazi kwa mkupuo, si itapanda tena mpaka 53? Nitoe kidogo kidogo au yote usiku mmoja?

#41 kusi_na_kaskazi

Toa zile ambazo hazina nakala popote kwanza, harusi zenye wale wazee ulizotaja. Halafu za mwaka huu ambazo wateja hawajachukua. Zilizobaki zifuate. Fanya usiku, hewa ikiwa imepoa, feni ikiwa imeielekea, na laptopu iwe na betri nzima ili umeme ukikatika diski ya USB isizimike nayo. Ukiona imepita 50 simamisha, iache iwake bila kazi ishuke, endelea. Faili likigoma ruka, usirudie rudia hapo hapo, utalirudia mwisho.

#42 FundiWaChumbageni

Na iende kwenye diski mbili tofauti. Moja ikae nyumbani kwa ndugu, isikae studio. Ile ya akiba iwekwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uiwashe mara moja moja.

#43 DadaMakorora

Seremala kamaliza. Matundu chini mbele, juu nyuma. DVR imeshuka mpaka 47 na droo bado ina kufuli. Diski niliyoikuta ndani ni ya kompyuta ya kawaida, si ya kamera. Fundi aliyetufungia nampigia hapokei. Asante sana kaka wa Chumbageni.

#44 FundiWaChumbageni

Karibu dada. 47 kwa diski ya kawaida ya saa 24 bado sijaipenda. Ongeza kifeni.

#45 kusi_na_kaskazi

47 mimi ningeiacha. WD kwa diski zao za seva wanaandika kwamba hesabu ya uhai imefanywa kwa nyuzi 40, si kwamba 47 inaziua. Na kifeni kitaingiza vumbi na chumvi.

#46 FundiWaChumbageni

Vumbi linafutwa kwa brashi. Kichwa kilichogonga hakifutwi.

#47 StudioYaNgamiani

Wakuu, harusi zote zisizo na nakala zimetoka salama. Mafaili matatu yamegoma, yote ya harusi moja ya Mwang'ombe, na bahati nzuri kadi za kamera za siku hiyo sijazifuta. Zilizobaki naendelea nazo usiku huu. 197 bado ni 8, haijapanda.

#48 bwana_mkonge

Alhamdulillahi.

#49 kijana_wa_duga

Kwani kaka usinunue SSD tu uondokane na haya yote? Haina sahani, haina kichwa.

#50 kusi_na_kaskazi

SSD kwa kufanyia kazi ni sawa, nyingi zinavumilia mpaka 70. Kwa kuhifadhi kabatini miaka ndipo pana shaka. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za watu wa kawaida, ikiwa imeshatumika mpaka mwisho wa uandishi wake, kinataka ishike data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya inashika muda mrefu kuliko hapo. Lakini joto la mahali pa kuhifadhi likipanda muda huo unapungua, na chumba cha bati hapa hakikai 30 mwezi wa pili.

#51 mtoto_wa_pangani

Kwa hiyo hiyo nayo ikae wapi?

#52 mlima_usambara

Leteni Lushoto. Natunza kwa bei nzuri.

#53 FundiWaChumbageni

@mlima_usambara wewe tupe kwanza namba 5 na 197 za hiyo unayotumia sasa.